Jicho la Kushoto la Keren

Mantapala, 11 Februari 2024

Kwa binti yangu Noëlla,

Salamu. Samaki uliowatuma kwa mkono wa Michée wa mtumbwi wamefika wakiwa wakavu na safi. Barua hii ataileta yeye pia, kwa kuwa sitaki kueleza jambo la malezi kwa simu inayokatika kila upepo unapogeuka huko kisiwani Kilwa, katikati ya ziwa.

Keren yu mzima. Huu ni mwaka wa pili tangu uniachie, na ametimiza miaka kumi. Asubuhi huenda shule. Akirudi hula, kisha tunaketi ndani na kusoma hadi jua linapotua. Simruhusu kuzurura na watoto wa jirani, ambao hushinda mchangani wakipiga kelele kwa lugha tatu bila kuijua hata moja. Yeye huinama juu ya kitabu mpaka pua inakaribia kugusa karatasi. Katika miaka thelathini na minne ya kufundisha sijaona mtoto mwenye bidii ya namna hiyo. Adabu ya kwetu anayo pia. Ninaposema naye hupiga goti, hutazama chini, hujibu. Haniangalii usoni.

Kwa hiyo limenishangaza jambo la majuma haya matatu. Jioni nikimwamuru afunge kitabu, ainue uso na kunieleza aliyoyasoma, ananifanyia makengeza. Jicho la kulia linanitazama, la kushoto linakwenda puani. Baada ya kitambo analirudisha. Najua watoto hucheza hivyo shuleni ili kuchekeshana. Mimi si mwenzake. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kumfanyia mzee makengeza, akasema hajafanya. Basi yakawa makosa mawili, dharau na uongo. Nimemrekebisha.

Mwandikie mwanao maneno mawili ya kumwonya. Ya mama huingia upesi.

Baba yako,
Barthélemy

*

Kilwa, 25 Februari 2024

Kwa Papa,

Jambo Papa. Sisi huku tuko wazima. Samaki iko, na jua ya kuanika iko.

Papa, umeandika «nimemrekebisha». Arlène, mwenzangu wa kuuza samaki, alipita Mantapala kununua mihogo. Alimukuta Keren amepiga magoti kwenye changarawe mbele ya nyumba yako, mikono juu, saa sita ya mchana. Ile neno moja ilificha mambo mingi.

Na haiko hiyo tu. Arlène alimuita kutoka njiani, «Keren! Keren wee!» Mutoto akageuka, akamuangalia kama mutu asiyemujua. Arlène, Papa! Ni yeye alimubeba mugongoni siku tulivuka kuja Zambia. Mpaka alipofika karibu kabisa ndio mutoto akasema, «Ah, Mama Arlène, kumbe ni weye?» Arlène alirudi hapa na hasira. Aliniambia, «Noëlla, macho ya mutoto wako inakwisha, na muzee anamupa tu kitabu juu ya kitabu kama mutu anayelisha bata.»

Donc basi ni vitabu. Mutoto akifungiwa ndani na maandishi kila siku, macho itakataa. Nataka arudi. Michée anafika Nchelenge Ijumaa tarehe 15 Machi. Umupeleke pale mitumbwi inafika, na nguo zake. Atajifunza kuanika chisense, hii samaki kidogo ya huku, na kuuza. Mimi sikumaliza shule, na ninaishi.

Usinijibu na maneno mingi.

Noëlla

*

Mantapala, 6 Machi 2024

Kwa Noëlla,

Umeniomba nisijibu kwa maneno mengi. Nitatumia yanayotosha.

Ni kweli alipiga magoti. Nawe ulipigishwa, na kaka zako pia. Hakuna aliyekufa. Wewe uliacha shule ukiwa na miaka kumi na minne kwa uvivu, nami sikukuzuia. Sitalirudia kosa hilo kwa mwanao. Mtoto huyu anaweza kuwa mwalimu. Kumpeleka kisiwani akageuze samaki juu ya mchanga ni kumzika akiwa hai.

Kuhusu macho, maneno ya Arlène si kipimo. Jumatatu ijayo timu ya macho itafika katika zahanati ya makazi haya ya wakimbizi. Nitampeleka Keren mwenyewe, mbele ya watu, ili mtaalamu aseme kwamba macho ni mazima na kilichopungua ni adabu. Nakupa neno langu. Wakisema macho ni mazima, atabaki nami na usiniandikie tena juu ya jambo hili. Wakisema yana ugonjwa, atapanda mtumbwi wa Michée Ijumaa hiyohiyo uliyoitaja.

Baba yako,
Barthélemy

*

Chienge, 13 Machi 2024

Kwa Mwalimu Barthélemy, kwa heshima,

Hukunitambua juzi zahanatini kwa sababu ya barakoa, nami sikujitambulisha kwa sababu uliondoka kabla sijamaliza maelezo. Mimi ni Germaine, niliyekaa dawati moja na Noëlla wako kule Pweto, ng'ambo ya mpaka, darasani kwako. Sasa ni muuguzi wa macho. Ningeweza kukufuata mlangoni tukabishane, lakini mwanafunzi habishani na mwalimu wake mbele ya foleni ya watu sabini. Ndiyo maana naandika.

Keren hakukufanyia makengeza kwa kusudi. Nakuomba uisome sentensi hiyo mara mbili.

Kumpima kulinichukua muda mrefu, kwa kuwa alikataa kuniangalia. Nilimwomba mara nne ainue uso. Kila mara alitazama kwanza mlango, kama umeingia. Hatimaye nilimwambia kwamba ndani ya chumba hiki mimi ndiye mkubwa, na mkubwa anataka kutazamwa. Nikampa picha ndogo aikodolee macho kwa karibu, nikafunika jicho la kushoto kwa kipande cha plastiki. Nilipolifunua, lilikuwa limehamia puani. Likarudi mahali pake polepole. Nilirudia mara nyingi, na kila mara likahama.

Tukitazama kitu cha karibu, Mwalimu, kazi mbili hufanyika pamoja. Lenzi iliyo ndani ya jicho hujikaza ili herufi iwe wazi. Wakati huohuo macho mawili hugeuka kidogo kuelekea pua ili yote yaione herufi ileile. Kazi hizi zimefungwa pamoja, kama watu wawili wanaovuta wavu mmoja. Huwezi kumwamuru mmoja avute bila mwenzake kuvutwa. Kwa Keren, macho huvutwa ndani kupita kiasi. Ili yasiende puani, huilegeza lenzi bila kujua. Ikilegea, herufi zinafifia. Zikififia anasogeza kitabu karibu, na kitabu kikisogea macho yanavutwa zaidi. Anashinda akipigana vita hivyo. Jioni, nguvu zikiisha, jicho la kushoto linaponyoka. Nilimwuliza, likiponyoka hivyo, anaona babu wangapi. Akanijibu, «Wawili, na wote wamekasirika.»

Jambo la pili ni kwamba haoni mbali. Ubao wa shule kwake ni ukungu. Utaniuliza kama ule ulegevu wa lenzi ndio uliomletea. Wapo wataalamu wanaosema kwamba herufi zinazofifia kila siku hulichochea jicho la mtoto kurefuka, na jicho lililorefuka halioni mbali. Wengine wanasema jicho huanza kurefuka lenyewe, na ulegevu huonekana baadaye. Hawajakubaliana, nami sitajifanya najua. Linalojulikana ni kwamba mambo haya mara nyingi huonekana kwa mtoto mmoja, kwamba hupita katika ukoo, na kwamba mtoto anayekaa nje mchana, kwenye mwanga wa jua, kwa saa mbili hivi kila siku, hukingwa kwa kiasi. Kitabu si sumu. Kukaa ndani kutwa ndiko kunakomdhuru.

Nimemwagizia miwani ya sehemu mbili, ya juu ya kutazama mbali na ya chini ya kusomea, ili lenzi ipumzike na macho yasivutwe. Itafika Mantapala baada ya mwezi mmoja. Haitamharibia macho, hata wakikuambia hivyo sokoni. Hakuna sababu ya kumtoa shuleni.

Nina maombi mawili. Keti chini, usawa wake, umwambie akuangalie. Na Noëlla, mwulize alikuwa anaona nini ubaoni.

Mwanafunzi wako,
Germaine

*

Mantapala, 17 Machi 2024

Kwa Noëlla,

Michée amekwisha kukuambia kwamba hakumleta Keren. Sasa sikia kutoka kwangu.

Mtaalamu alisema macho yana kasoro. Nilikuwa nimekupa neno langu, kwa hiyo Ijumaa alfajiri nilifunga nguo zake na tukapanda gari la mizigo hadi ziwani. Barua ya Germaine ilikuwa mfukoni, nami nilikuwa nimeisoma mara mbili kama alivyoagiza, kisha mara ya tatu. Miwani itafika hapa Mantapala. Kama angevuka, ingemkosa. Nilisimama majini mpaka viatu vikajaa. Michée akaniuliza, «Mwalimu, unapanda, ama unafundisha ziwa?» Watu wakacheka. Nikamwambia kwamba hatupandi. Katika maisha yangu hiyo ni mara ya kwanza kuvunja neno nililoliandika na kutia sahihi.

Tuliporudi nyumbani nilikaa juu ya kigoda. Kilikuwa bado kirefu, nikakaa juu ya mkeka. Nikamwambia, «Keren, niangalie.»

Akatazama mkeka. «Kambo, ni vibaya mjukuu kumwangalia babu yake.»

«Leo si vibaya.»

«Na kesho?»

«Na kesho. Inua uso.»

Akainua. Noëlla, tumeishi nyumba moja miaka miwili, na sikuwa nimeyaona macho ya mtoto huyu kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Yana rangi ya macho ya mama yako. Sikulijua hilo. Nilimpa kitabu asome ukurasa mmoja, nami nikatazama macho badala ya kusikiliza makosa. Alipofika chini ya ukurasa jicho la kushoto lilianza kwenda, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Hakuna dharau inayokuja hivyo. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba mistari inakuwa miwili. Akasema, «Nilifikiri vitabu viko hivyo.»

Nilimpigisha magoti mara tatu kwa jambo hili. Nilikuandikia neno moja, nalo halikutosha.

Uamuzi ni wako. Ukiamuru aje, nitamleta mara tu atakapopata miwani, na safari hiyo sitasimama majini. Mimi naomba abaki. Sijazoea kukuomba, hivyo sijui kama nimeomba vizuri.

Germaine, aliyekaa nawe dawati moja, ananitaka nikuulize swali. Darasani kwangu ulikuwa unaona nini ubaoni?

Baba yako,
Barthélemy

*

Kilwa, 29 Machi 2024

Kwa Papa,

Niliona vumbi nyeupe.

Uliuliza, nimejibu. Nilifikiri nitaacha hapo, mais lakini leo ni Ijumaa Kuu, watu hawaendi kuvua, na niko na nafasi.

Papa, sikuona ubao hata siku moja. Niliona mukono yako inaenda na kurudi, na nyuma ya mukono inabaki vumbi. Germaine alikuwa anaandika, mimi naandika kutoka kwake. Ndio maana nilikuwa wa pili kila mara, na yeye wa kwanza. Halafu akashikwa na malaria, akabaki kwao mwezi muzima. Unakumbuka? Wewe unakumbuka tu kama mwezi ule nilianza uvivu. Ulinichapa mbele ya wote, ukasema mutoto wa mwalimu anapaswa kuwa mufano. Germaine aliporudi, nilikuwa nimekwisha kukuambia kama vitabu vimenichosha. Haikuwa kweli. Vitabu nilivipenda. Kitabu kilikuwa karibu, nilikiona. Ubao ndio ilinishinda.

Utauliza juu ya nini sikusema. Nilijua utasema ni kisingizio. Na nilikuwa na haya. Sikutaka uwe na mutoto mubovu.

Huku sina shida. Mutumbwi ikiwa mbali, naijua na sauti ya moteur, ile mashine yake. Ile ya Michée inakohoa. Watu, nawajua namna wanatembea. Arlène peke yake ndiye anajua, na amenificha vizuri.

Sasa Keren. Hasira ya changarawe haijakwisha, sitakudanganya. Mais nilidhani vitabu ndio vinamuharibu, na kumbe mimi sikufungiwa na kitabu, na niko hivi. Sijui nifanye nini. Nataka kumusikia yeye mwenyewe. Akipata ile miwani, aniandikie. Peke yake. Usikae karibu, na usisahihishe.

Noëlla

*

Mantapala, 28 Aprili

Mama yangu,

Jambo mama. Niko muzima. Kambo ameenda kwa jirani, Ba Chisanga, ili niandike peke yangu. Amesema atarudi nikimuita, na mimi sitamuita haraka.

Miwani yangu ilifika Jumatano. Iko na mustari katikati kama miwani ya wazee. Shuleni wananiita Bashikulu, ni kusema babu kwa luga ya huku. Asubuhi wanapiga magoti wote na kupiga makofi kama wanasalimia muzee, «Mwashibukeni Bashikulu!» Nilikasirika siku moja. Siku ya pili niliwaambia, «Asanteni wajukuu, nileteeni maji.» Rafiki yangu Eness alileta kabisa. Sasa ni muzuri.

Mama, ubao iko na maneno! Na muti iko na majani moja moja, nilifikiri ni kitu kimoja kikubwa. Na mwalimu wetu ana ndevu kidogo, naye ni mwanamuke.

Nikisoma na ile sehemu ya chini, mistari haigawanyiki. Jioni mara moja moja inagawanyika, lakini kidogo, nafunga kitabu napumuzika. Germaine alisema nifanye hivyo, na Kambo hanisemeshi, hakasiriki. Nikitoka shule, Kambo ananifukuza nje mpaka saa kumi. Ni kweli, anasema «Toka!» Naye anatoka pia, anakaa kwenye jua na kofia na kulalamika. Jana alisema mupira wetu hauna sheria, akatuandikia sheria kumi na moja. Tunacheza bila.

Ananiambia nimuangalie usoni nikisema naye. Ni nguvu, sijazoea. Nacheka. Naye anajikaza asicheke.

Mama, usikasirike. Nataka kubaki shule. Nimeona ubao siku tatu tu. Likizo nije kwako, nigeuze samaki yote. Lakini ukisema hapana nitakuja, nitaleta vitabu.

Mutoto wako,
Keren

*

Mantapala, 28 Aprili 2024

Kwa Noëlla,

Barua ya Keren imo ndani. Sijaisahihisha.

Nimechukua mwezi kujibu barua yako ya Ijumaa Kuu. Nilianza mara nyingi, na kila mara nilijikuta nikieleza: wanafunzi walikuwa hamsini na wanane, ubao ulikuwa umechakaa, hakuna aliyetufundisha kupima macho. Yote ni kweli, na hakuna hata moja ulilouliza.

Hukuwa mvivu. Nilikuchapa kwa kutoona. Nilikosea wakati ule, nikakosea tena miaka yote niliyolirudia neno hilo, hata Machi mwaka huu. Nisamehe.

Germaine atakuwa Nchelenge tarehe 14 Mei. Huwa na sanduku la miwani iliyo tayari kwa watu wazima wasioona mbali. Njoo. Utamchukua Keren au utamwacha baada ya kumwona kwa macho yako. Vyovyote utakavyoamua, sitabisha.

Baba yako,
Barthélemy

*

Kilwa, 19 Mei 2024

Kwa Papa, na Keren aisome pia,

Nimefika salama. Ziwa ilikuwa na mawimbi, Michée alitukana njia yote.

Germaine hajabadilika. Aliniwekea miwani, akaniuliza ile herufi ya chini kabisa, nikaisema, akasema, «Leo hukunakili kwangu.» Tulicheka mpaka wagonjwa wa foleni wakanuna.

Huku wananisumbua. Arlène anasema nimekuwa mukurugenzi, anakuja na karatasi tupu niweke sahihi. Mimi naangalia tu. Jirani yangu wa ng'ambo ya njia, nimemusalimia miaka mine, sikujua kama ana kovu kwenye paji. Alfajiri nilisimama kwenye mchanga nikahesabu mitumbwi ingali mbali, kabla sijasikia moteur hata moja. Ilikuwa kumi na saba.

Keren anabaki. Nilikuwa nimekwisha kuamua Jumanne, pale alipokuwa anabishana na wewe juu ya penalti, uso kwa uso, na wewe unamujibu. Likizo ya Agosti aje kwangu, na vitabu vyake, na jua ya huku ni nyingi. Akikosa, mukemee, weye ni kambo yake. Mais magoti, hapana. Umenielewa.

Kitu kingine, Papa. Kila mara nikiondoka kwako napanda mutumbwi na sigeuki. Najua imekuuma, juu Mama alinisemesha zamani, «Baba yako anasimama pale mpaka unapotea, na weye unampa mugongo.» Sikuwa na kiburi. Nikigeuka nilikuwa naona mchanga na vivuli, na sikutaka kupungia mukono kivuli cha mutu mwingine. Juzi niligeuka. Tulikuwa tumekwisha kufika mbali, Michée ameongeza moteur, na niliwaona. Keren alikuwa anaruka. Wewe ulisimama nyuma yake na kofia mukononi, na kichwa yako yote ni nyeupe. Papa, sikujua kama umezeeka. Nilipunga mukono, na wewe ukageuka kuangalia nyuma yako, ni nani ninamupungia.

Ni wewe.

Noëlla